Kikapu cha Mbele

Jumatatu, 7 Julai
Wewe mgongo huna adabu. Umebeba watoto wangu wote, umebeba kuni za misiba ya Chanji nzima, hukunung'unika. Leo unalia kwa kikapu kimoja. Na unauma hapo kati ya mabega, mahali ambapo mkono haufiki kukukanya.

Jumapili ni misa ya mavuno. Kikapu cha mbele cha ulezi hukibeba mimi, kichwani, nikicheza hadi altareni bila kukigusa kwa mkono. Anayegusa amekwisha. Mwaka huu Zita anakitaka. Tulipata kipaimara siku moja, lakini anatangaza kigangoni kwamba mimi nimezeeka. Kwa hiyo nafanya mazoezi nyuma ya jiko, kikapu nimekijaza matofali. Nikizoea matofali, ulezi utakuwa unyoya. Akili hiyo haifundishwi shuleni. Mimi niliishia darasa la nne na ninayo.

Maumivu hayatokani na matofali. Ni moyo.

Jumanne, 8 Julai
Si moyo. Ni mapafu. Jirani yetu Kasmir amesema shemeji yake wa Matai alianza hivi hivi, kati ya mabega, na mahindi hayajapukuchwa wakamzika. Nikauliza kilichomuua. Pikipiki. Lakini ilianza na mgongo.

Nimemwonyesha mkwe wangu Asnath kitenge cha kunizikia. Amekikunja vizuri, kisha akauliza kama kikapu ampelekee Zita. Nimetoka kitandani. Mtu hafi hovyo.

Jumatano, 9 Julai
Zita amekuja kunipa pole ambayo sikuiomba. Shingo imekakamaa na baridi hii, nikageuka mwili mzima kumtazama. Akasema, "Mama Wili, unageuka kama lori la mahindi." Nikamjibu kwamba mtu mwenye heshima hageuki vipande vipande. Kisha nikainua debe la mahindi mbele yake, nikalitua kichwani, nikamwuliza habari za nyumbani. Ameondoka hajamaliza chai.

Ushindi. Baadaye Asnath na mwanangu Wilibrodi wamenitoa kwenye kigoda kama wanang'oa kisiki.

Alhamisi, 10 Julai
Wilibrodi kanipeleka zahanati kwa nguvu. Daktari ni binti mdogo, lakini kaniamkia vizuri. Kasikiliza moyo, kasikiliza mapafu, kasema vyote vizima, ni misuli imechoka. Akauliza nimekuwa nikibeba nini. Nikasema hakuna. Asnath, mwanamke asiyejua kutunza siri, akasema matofali. Daktari akadhani hakusikia vizuri. Asnath akarudia: "Matofali, dokta. Kichwani. Na anacheza."

Amri za binti: kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto, kuzungusha mabega asubuhi na jioni, nisibebe kitu kizito kichwani. Nimekwenda kufa, nimerudishwa na kitambaa. Hata hivyo nimewatangazia wagonjwa wote kwenye benchi kwamba moyo wangu ni mzima. Wengine wameona wivu.

Jumamosi, 12 Julai
Asnath kaficha kikapu. Ananikanda, maji yanachoma, namwambia hayasaidii. Nazungusha mabega ili tu aache kelele. Leo shingo imegeuka hadi nimemwona kuku nyuma yangu. Matofali yameanza kufanya kazi.

Jumapili, 13 Julai
Mwenyekiti wa akina mama, kwa woga wake, katupanga mimi na Zita mbele, bega kwa bega. Zita alijaza ulezi uliopurwa, unamwagika. Kwenye ngazi za altare shingo yake ikatetemeka. Mkono ukapanda. Ukagusa. Kigango kizima kimeona. Mimi nimepanda na vigelegele, mikono nimeining'iniza kama nguo kwenye kamba, kikapu kama sina.

Nyumbani Asnath kaniambia alinijazia masuke tu, hayajapurwa, ndiyo maana kilikuwa chepesi. Nimemwambia, "Mama, nyamaza." Wepesi ule ni wa matofali.

Jioni Zita kapita, analalamika anaumwa kati ya mabega. Anauliza daktari aliniambia nini. Nimemshika mkono, nikamwambia bila kumficha: mwenzangu, huo ni moyo.

Nimemwambia Asnath: kesho nenda kwa mwenyekiti kabla Zita hajaamka, ukaandikishe jina langu la mwakani. Mwambie si kikapu tena. Ni gunia.