Koti la Bwana Fuller

Jumatatu, 16 Juni 1958
Baridi ya Njombe haina huruma. Maji ya kufulia yaling'ata vidole, nikachemsha debe zima, nikatia koti la sufu la Bwana Fuller, meneja wa shamba la miti ya miwati, nikalikanyaga kwa miguu. Raha mustarehe. Kulitoa, limekuwa la mtoto! Keshokutwa analivaa kwenda Makambako kupokea mgeni. Nimelificha chini ya kitanda. Nikifukuzwa, ni kurudi Kichiwa kwa baba mkwe, aliyemwambia Bertila siku ya harusi yetu kwamba anaolewa na mzigo.

Jumanne, 17 Juni
Sikulala. Nimevuta koti, Bertila akivuta upande wa pili. Halikurefuka. Kifungo kiliruka.

Jioni nikamwuliza Mwalimu Nahumu kama sufu iliyonywea hurudi. Hairudi. Kisha akacheka. Kumbe Fuller ni jina la kazi. Zamani huko Uingereza babu zake walikanyaga vitambaa vya sufu ndani ya hori, kwa maji, udongo na mkojo uliochacha, mpaka kitambaa kinywee na kuwa kizito. Kazi ikageuka jina la ukoo.

Nimepona! Kwetu ukimsifu mtu kwa kazi ya babu zake, aliyeinua fimbo huiweka chini. Nitasema nilikanyaga kwa heshima.

Kosa langu, nikamweleza Methusela mpishi, anayeitamani kazi yangu kwa ajili ya shemeji yake. Akaniuliza taratibu: kila ukoo una mwiko wake, sisi hatuli pongo, je, ukoo wa wakanyagaji huruhusu mgeni akanyage nguo yao? Jasho limenitoka, na baridi yote hii.

Jumatano, 18 Juni
Bwana aliliulizia koti. Nikalipeleka, nikawataja babu zake, nikaomba radhi kwa mwiko kama upo. Nikadhani nakufa. Kumbe uso umelainika. Akasema hakutegemea mtu wa Njombe ajue habari hiyo. Hapo ningefunga mdomo. Lakini nilitaka aone kwamba nimesoma, nikautaja na mkojo.

Akalinusa koti. Akalitupa. Nikaapa kwamba ni sabuni tupu. Methusela, akileta chai, akasema kwa upole kwamba yeye hakuwepo, hawezi kushuhudia. Bwana ameenda Makambako amejitanda blanketi.

Ijumaa, 20 Juni
Sikufukuzwa, Mungu mkubwa. Nimehamishiwa kubandua magome ya miwati. Dobi sasa ni shemeji yake Methusela. Bertila ameniomba nikae kimya. Kila hodi ikipigwa roho inamruka, anadhani tumeambiwa tufungashe. Nimemwahidi.

Msimamizi wetu mpya ni Bwana Dyer. Mkali, shati jeupe, kaptura nyeupe. Akikutazama unasahau jina lako. Nimempitia Mwalimu Nahumu kidogo tu. Anasema ukoo wa Dyer ulikuwa wa watia rangi nguo.

Magome haya ukiyachemsha hutoa maji mekundu ya kupendeza. Nguo za Bwana Dyer zimeanikwa nyuma ya nyumba yake. Debe nimeshaliazima.