Mlima Nyuma ya Mama

Jumatatu, tarehe 6 Julai

Mama mdogo Ernestine amefika kutoka Butembo. Furaha kubwa. Ameleta unga wa muhogo, maharagwe, na kuku mmoja aliyechoka na safari kuliko yeye. Yeye na Mama walishikana mlangoni muda mrefu, hadi Charline, mke wangu, akakimbia jikoni maana sufuria ya sombe ilikuwa inaungua. Sikupiga picha. Nilikuwa nafuta lenzi.

Hawajaonana tangu msiba wa babu. Barabara yenyewe tunaijua: leo wazi, kesho imefungwa. Ataondoka Ijumaa, na gari la mtu wanayemfahamu.

Baada ya kula Mama akaniita. Anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu na kamera yangu. Picha yake na mdogo wake. Hana hata moja. Zote zilikuwa ndani ya albamu, na albamu ilibaki katika nyumba yetu ya mjini mwaka ule lava iliposhuka kutoka mlimani. Waliokoa godoro, cherehani na mimi. Akasema nipige hapa hapa, wakiwa kwenye kochi, taa inatosha.

Kwenye kochi! Lenzi ndefu namna hii, kwenye kochi! Tena juu ya kochi hilo imetundikwa picha ya komunyo ya kwanza ya mtoto wetu, kazi ya Janvier. Janvier ni jirani. Hana kamera. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na anazunguka nayo Keshero nzima akipiga chochote kinachompitia: samaki wa sambaza walioanikwa, mtu anayesukuma chukudu yake ya mbao iliyojaa mizigo, mama anayefua ziwani. Mtaa mzima unamsifu. Kila mgeni akiingia kwetu anauliza nani aliyepiga picha hii nzuri, na mimi, mwenye kamera, ndiye ninayelazimika kutaja jina. Nimechoka.

Nimeamua. Picha yangu itakuwa kubwa mara mbili ya ile. Mbele, dada wawili. Nyuma, mlima Nyiragongo wote, na moshi wake. Nikamwambia Mama asubiri hadi asubuhi. Akasema sawa. Tayari alikuwa amefunga kitambaa kichwani.

Jumanne, tarehe 7 Julai

Nimewaamsha kabla ya jua. Mlima huonekana asubuhi mapema, baadaye unajifunika, kila mtu wa Goma anajua. Nikawapandisha juu ya mawe ya lava nyuma ya shule, wamevaa viatu vya Misa. Wote wawili katika kitenge cha namna moja, cha njano chenye ndege wa buluu. Mama mdogo alikinunua makusudi kwa ajili ya picha hii. Wakasimama wima, mikono ubavuni, bila tabasamu, kama wazee wetu wanavyosimama mbele ya kamera. Ungedhani wanasubiri kupigwa muhuri.

Mlima haukuwapo. Wingu tupu.

Nikawaambia tusubiri. Wakasubiri. Mama mdogo akaanza kukumbusha siku walipoiba miwa ya katekista, Mama akacheka hadi ikabidi ajishike kwenye jiwe. Nikawaomba watulie, wataharibu mkao. Wakatulia.

Jua likapanda. Wingu likabaki. Janvier akapita, akauliza tunamsubiri nani. Nikamjibu kwamba ni mambo ya mwanga, hayamhusu. Akawasalimia wazee vizuri sana, akatoa simu, akataka kuwapiga moja ya haraka. Nikasimama mbele yake, nimetandaza mikono yangu yote miwili. Ningeruhusuje? Wazee ni wangu, mawe nimeyachagua mimi!

Njiani kurudi Mama alikuwa anachechemea. Akaniuliza kwa nini lazima mlima. Nikamweleza kwamba picha isiyo na mlima inaweza kupigwa popote, hata Kisangani. Akatembea kidogo, kisha akasema:

"Lévi, ile mulima ilikula mafoto yangu yote. Sasa unataka nisimame nayo kama ndugu yangu?"

Nikabadilisha betri.

Jumatano, tarehe 8 Julai

Siku mbaya. Nimekaa chooni muda mrefu leo ili nisionane na watu.

Nianze na jana mchana. Ili Janvier aelewe yuko wapi na mimi niko wapi, nilimpiga Mama picha peke yake uani. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwomba aache maharagwe, akae wima, aangalie mbali. Picha ikatoka vizuri mno. Nikaipeleka mjini, wakaichapa kubwa. Fremu walizobaki nazo zilikuwa nyeusi, nikachukua nyeusi.

Leo asubuhi nikaitoa nje, kwenye meza ndogo karibu na lango, pale Janvier anapopita kila siku. Nikatandika kitambaa cheupe chini yake. Nikaweka maua pande zote mbili, rangi ya uso wa Mama ijitokeze. Nikasimama barabarani nikaitazama. Nzuri! Kisha nikaenda kwenye mawe kuchungulia wingu.

Wingu lilikuwa lile lile. Nikarudi.

Langoni kwetu viti vya plastiki. Watu. Mama Nyirakamana wa ng'ambo ya barabara amekaa chini, amefungua kitambaa cha kichwa, analia kwa sauti. Papa Harelimana anakunjua turubai na kuuliza nani ana kamba. Mtu mwingine ameshakata matawi na kuyapanga kando ya barabara ili magari yapunguze mwendo. Papa Harelimana aliponiona akaacha turubai, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Lévi," akasema. "Juzi tu tulikuwa tunaongea naye hapa."

Nikamwuliza nani. Akanionyesha picha.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Sikukumbuka kwamba meza ile niliiweka mimi. Niliona uso wa Mama katika fremu nyeusi, na maua, na watu wanalia. Nilikaa chini kwenye vumbi karibu na Mama Nyirakamana na nikalia kumzidi. Sikufikiri mlima. Sikumfikiri Janvier. Nilifikiri kochi. Alisema nipige kwenye kochi, taa inatosha, na mimi nilikuwa na kamera mkononi.

Ndipo Mama akatoka jikoni na beseni la vyombo. Akatazama viti. Akatazama turubai. Akaniona mimi chini.

"Ni nani alikufa?"

Watu walimtazama yeye, wakatazama picha, wakamtazama yeye tena. Mama Nyirakamana aliinuka akakimbia, na kiatu kimoja akakiacha.

Mama aliisoma ile meza yote, kitambaa, maua, fremu. Akaichukua picha, akaipeleka ndani, akaigeuza uso ukutani. Alipopita karibu nami akaonyesha kamera, akaniambia taratibu:

"Hiyo apareyi usiielekeze kwangu tena."

Kwa kuwa watu walikuwa wameshafika, ilibidi wapikiwe. Yule kuku wa Butembo akaishia hapo. Papa Harelimana alikula mara mbili, akasema kwa msiba usiokuwa na maiti ulikuwa msiba mzuri. Habari ilikuwa imeshafika Butembo. Mama mdogo alishinda kwenye simu akiwaambia ndugu waache kuchanga, dada yake yupo, hapa karibu, anakula.

Charline hanisemeshi.

Alhamisi, tarehe 9 Julai

Nimemwomba Mama msamaha. Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia nilivyolia, kwamba nimeelewa, kwamba mlima si kitu. Alinisikiliza huku anakunja nguo za mdogo wake. Akasema amesamehe, lakini mbele ya kamera hakai.

Mama mdogo akaingilia. Yeye ni mpole, anaongea chini chini.

"Yaya," akamwambia dada yake mkubwa, "mimi minaenda kesho. Acha atupige moja tu."

Mama akamtazama. Akaacha nguo. Wakaenda wakavaa vile vitenge vya njano, wakaja wakakaa kwenye kochi, bega kwa bega. Mama mdogo akaushika mkono wa Mama na kuuweka kwenye paja lake. Taa ilitosha. Charline alisimama mlangoni ananitazama, mara ya kwanza tangu jana.

Nikainua kamera. Na nikaona nini katikati ya vichwa vyao? Picha ya Janvier! Komunyo nzima, mshumaa na yote, imekaa juu yao kama paa. Picha ya Janvier ndani ya picha yangu! Watu wangeiona ile kwanza.

Nikawaomba wainuke kidogo nisogeze kochi. Wakainuka. Nikalisogeza dirishani. Kutoka pale, nikiinama, mlima ungeweza kuingia kwenye kona ya dirisha, kidogo tu, bila kumsumbua mtu. Nikachungulia nje. Wingu. Nikawaambia hakuna shida, kesho pale gari litakaposimama ni wazi kabisa, asubuhi mapema, mlima utakuwepo, nitapiga moja tu na tutakuwa tumemaliza.

Mama hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alifungua kitenge chake, akakikunja, akasema:

"Haya. Kesho."

Charline akazima taa ya sebuleni nikiwa bado ndani.

Ijumaa, tarehe 10 Julai

Mlima ulitoka!

Sijawahi kuuona hivyo msimu huu wote. Kutoka chini hadi mdomoni, na moshi umesimama wima. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, mizigo imeshafungwa juu. Nikawaweka Mama na Mama mdogo kando ya gari, katika vitenge vyao. Nikarudi nyuma. Wao ndani ya picha, mlima nje. Nikarudi nyuma zaidi. Mlima ndani, nusu. Dereva akapiga honi. Nikamwonyesha kidole kimoja, dakika moja tu. Nikarudi nyuma zaidi.

Nyuma yangu ilikuwa inashuka chukudu iliyojaa kabichi za Kibumba.

Haikuniumiza sana. Nilianguka chali, kabichi zikanifuata. Mwenye chukudu alinieleza mambo ambayo sitayaandika. Nilichojali ni kamera. Nikaiinua pale pale chini, nikabonyeza.

Niliposimama gari lilikuwa linaondoka. Mkono wa Mama mdogo ulikuwa dirishani. Mama alitembea kidogo kando ya gari, kisha akasimama. Janvier alikuwepo pia, alikuja kumletea mgeni mandazi ya njiani, simu mkononi. Nikampita bila kumsalimia.

Mama akaja moja kwa moja kwangu. Akataka kuona.

Mlima umejaa picha nzima. Moshi, mistari ya lava ya zamani, kila kitu. Kwenye kona ya chini, kitambaa cha njano na kiwiko cha mkono. Mama aliitazama muda mrefu, ameinama juu ya kamera, pua karibu iguse kioo. Akauliza Ernestine yuko wapi. Nikamwonyesha kiwiko.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni mukono yangu."

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili, tarehe 12 Julai

Baada ya Misa Janvier alikuja. Amevaa shati la kwaya. Alimpa Mama bahasha, akasema samahani ni ndogo, simu yake ni ile ile. Kisha akakataa kukaa, akaondoka.

Ni wao. Wameshikana kiunoni, vinywa wazi, wanacheka hadi kitambaa cha Mama kimemteleza. Nyuma yao tairi la gari na gunia. Hakuna mlima. Hawaangalii simu, wanaangalia kando, chini, kwenye kitu kilichoanguka. Yaani mimi. Ndiyo sababu ya kicheko chote kile. Ni mchango wangu katika picha, lakini jina litatajwa la Janvier.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Aliniomba tu msumari na nyundo. Msumari niliutoa pale nilipokuwa nimeupigilia kwa ajili ya picha yangu kubwa. Nikaitundika ya Janvier kwa mikono yangu, juu ya kochi, kando ya komunyo. Niliumia. Si kwa sababu ya Janvier, niandike hivyo pia. Mama mdogo amepiga simu: amefika salama Butembo, lakini barabara imefungwa nyuma yao tangu jana, na hakuna anayejua itafunguliwa lini. Mara nne nilikuwa nao mbele yangu, na ningeweza.

Mchana nilimkuta Mama peke yake sebuleni. Amepiga magoti juu ya kochi, jua la dirishani limemwangukia upande mmoja wa uso. Ameinua mkono, na kwa kidole anagusa shavu la mdogo wake pale kwenye picha. Taratibu, kama anafuta unga.

Hiyo ndiyo picha! Mtu yeyote angeiona. Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Nikaiinua.

Ndipo nikaona, pembeni, nyuma ya pazia: mlima uko wazi! Mchana! Jambo la nadra sana. Ilitakiwa pazia lisogee tu, na Mama ageuke kidogo kushoto. Nikamwomba abaki hivyo hivyo, mkono pale pale, asitikisike, nakuja.

Pazia lilikwama kwenye waya. Nililivuta, nikapanda kiti, nikalifungua. Nilipogeuka kochi lilikuwa tupu, na Mama yuko jikoni anamwuliza Charline kama maji ya chai yamechemka.

Si neno. Pazia sasa linakwenda vizuri. Kesho asubuhi mapema, wingu likikubali, nitamwomba aiguse tena.