Supu ya Katekista na Ndizi za Dada Ekua

Jumatatu, 3 Juni

Uamuzi umepita. Kuanzia leo mimi, Kwesi Bentsil, mstaafu wa bohari ya idara ya maji, mkazi wa Bakaano, Cape Coast, sisomi tena kitabu cha karatasi. Karatasi ni mambo ya wazee. Nimetimiza sabini, lakini mwili tu ndio uliotimiza. Kijana wangu wa Tema ameniletea kishikwambi cha kusomea vitabu. Chepesi kuliko kandambili! Kinabeba maktaba nzima na bado kinaingia mfukoni.

Mke wangu, Aba, amefurahi kupita kiasi. Ana vyerehani viwili na wanafunzi wa ushonaji waliobanana kwenye korido, na chumba changu cha vitabu anakimezea mate tangu Krismasi. Nimemwambia chumba ni chake. Akanikumbatia. Mchana kweupe!

Vitabu vyote nimempa Dada Ekua, mchoma ndizi wa pale kona. Yeye amepata karatasi za kufungia, mimi nimepata ndizi na karanga bure kila jioni mpaka mwisho wa mwaka. Aba aliuliza kama nilichambua kabla ya kutoa. Nikamwambia mtu aliyekaa bohari maisha yake yote hafundishwi kuchambua. (Sikuchambua.)

Jumamosi ni uchaguzi wa Chama cha Wasomaji. Mwenyekiti wetu Mama Araba Otoo, mkunga mstaafu, anang'atuka. Anasema nyumba imemjaa. Imemjaa nini, sikuuliza. Tunagombea wawili: mimi na Mwalimu Fiifi Essilfie, aliyefundisha jiografia na ambaye mpaka leo anaonyesha watu kaskazini bila kuombwa. Kiti hiki nimekisubiri kwa muda mrefu. Nikikikosa safari hii nahamia Kumasi.

Jumanne, 4 Juni

Jumanne ni mwiko wavuvi kwenda baharini, kwa hiyo tumekula kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa jana. Nikakaa barazani na kishikwambi, mahali ambapo Essilfie lazima apite. Alipita. Hakugeuka, lakini nina hakika shingo ilimuuma kwa kujizuia.

Ndani kuna kitabu kimoja tu mpaka sasa: maelezo ya jinsi ya kukitumia kishikwambi. Nimekimaliza. Lugha yake nzuri, ila hakina wahusika.

Jioni Mama Araba alikuja kunikumbusha kwamba Jumamosi mimi ndiye nitakayefungua mazungumzo. Kitabu ni Supu ya Katekista, cha marehemu Mwalimu Sagoe wa hapa hapa mjini. Misheni ilikipiga chapa zamani, basi, hakikupigwa tena. Chama kina nakala moja. Tunaipokezana mtu hadi mtu, ndiyo desturi yetu, na mimi ni wa mwisho kwenye zamu. Niko nayo tangu Pasaka. Nimefika pale katekista anapofia mezani, kijiko mkononi, na kila mtu kanisani ana sababu. Mama Araba akasema nije na nakala hiyo mkononi. Nikasema bila shaka. Nikaingia ndani kuichukua kwenye rafu.

Rafu haipo. Kuna cherehani.

Lo!

Nimejaribu kukitafuta kitabu hicho kwenye kishikwambi. Kimeniletea mapishi ya supu ya mawese.

Jumatano, 5 Juni

Nilifika kwa Dada Ekua kabla hajawasha mkaa. Alinipokea kama mkwe. Alisifu karatasi zangu, kwamba ni nzito na hazivujishi mafuta. Majalada ameshayang'oa yote. Kurasa amezichambua vizuri, nene gunia moja, nyembamba gunia jingine, bila kujali ni za kitabu gani. Nikamweleza kwamba kuna kimoja ninachokihitaji kwa sababu za moyoni.

"Papa Kwesi, chagua tu," akasema. "Ila wateja wakija, unapisha."

Nimechagua mpaka mgongo umekataa. Supu ya Katekista imepatikana, sehemu kubwa. Sura ya kumi haipo. Sura ya kumi ndiyo ya mwisho! Imekwenda na ndizi za jana.

Hofu? Hapana. Mtu wa bohari anajua kwamba kitu hakipotei, kinahama tu. Wateja wa jana ndio wa leo. Nikakaa kwenye benchi la Dada Ekua na kuwauliza mmoja mmoja karatasi zao ziko wapi. Mama mmoja alidhani nina njaa, akanimegea ndizi yake. Mwingine naye akanimegea. Kukataa ni ufidhuli. Nimerudi nyumbani nimevimba, nikamwambia Aba kwamba sitakula. Akanishika paji la uso.

Alhamisi, 6 Juni

Maendeleo makubwa. Karibu sura yote ya kumi iko mikononi mwangu. Ukurasa mmoja ulikuwa kwa kinyozi, amepangusia wembe. Mwingine alikuwa anaukalia fundi wa redio. Unabaki ule wa mwisho kabisa, wenye jina la muuaji. Kila mwenye kinyongo na katekista ameshahojiwa na mpelelezi, na mpelelezi amevuta pumzi ili aseme. Hapo ndipo ukurasa unapokatika.

Jioni akaja Essilfie. Dada Ekua akatia mkono guniani, chini kabisa ambako mgongo wangu haukufika jana, akamfungia ndizi zake. Nikaliona neno kwa macho yangu, kwa herufi kubwa, chini ya karanga: MWISHO.

Nikajikaza. Nikamsubiri amalize kula, nikamsogelea kwa upole, nikamwambia karatasi imemchafua vidole, anipe nikamtupie. Lazima nikiri kwamba Essilfie si mtu mbaya akishashiba. Akaninyooshea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umejaa karanga. Nikapokea kwa wa kushoto.

Wa kushoto! Kwa mwalimu mzima! Mbele ya benchi zima! Watu wakaacha kutafuna. Essilfie akairudisha karatasi kifuani kwake.

"Bentsil," akasema, "mama yako alinifundisha Shule ya Jumapili. Namshukuru Mungu kwamba hayupo kuliona hili."

Nikaomba radhi kwa mikono yote miwili. Hakusikia. Nilimwona akienda zake, akaitupia macho ile karatasi, akasimama katikati ya barabara. Akaisoma. Akanigeukia, akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati. Na huyu ndiye aliyetuambia mwezi wa pili kwamba amekisoma kitabu mara mbili!

Ijumaa, 7 Juni

Mvua siku nzima. Nimegandisha kurasa kwa uji wa wanga kwenye meza ya Aba ya kukatia vitambaa. Aba akasimama mlangoni akanitazama. Nikalazimika kumweleza yote.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema niende kwa Mama Araba sasa hivi, na mwavuli atanipa.

"Mwambie ukweli, Kwesi. Atakufokea, atanyamaza, mtakunywa chai."

Mawazo ya mshonaji. Kushona, unafumua, unashona upya. Uchaguzi haufumuliwi. Nikamwambia kwamba mgombea hatubu siku moja kabla ya kura. Akachukua kitambaa chake, kimeshika wanga pembeni, akaondoka.

Lakini akili yangu ikiwa ndani ya maji ya moto ndipo inapoiva. Nimepata mpango! Nani aliyesema kitabu lazima kiwe karatasi? Nitawaambia kwamba nimeihamishia Supu ya Katekista ndani ya kishikwambi, kwa faida ya vizazi vijavyo. Nakala ya karatasi imechoka, inapumzika nyumbani. Mwisho wa hadithi nitautunga mwenyewe. Nimeshachagua muuaji: mpiga kinanda. Wapiga vinanda sikuwapenda kamwe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshinda!

Ukumbi ulijaa, mvua juu ya mabati. Nikasimama na kishikwambi mkononi, kimefunguka kwenye ukurasa wa namna ya kukichaji. Nikawasomea mwisho. Niliusoma vizuri mno, mpiga kinanda akalia, mpelelezi akavua kofia. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mama Araba mwenyewe akasema ndivyo anavyokumbuka. Mzee mmoja nyuma akasema sehemu hiyo humtoa machozi kila anapoirudia.

Essilfie akainuka. Akatoa mfukoni ile karatasi ya mafuta, akaisoma kwa sauti ya darasani. Muuaji ni katekista mwenyewe! Sumu alimwekea mchungaji, kisha akasahau bakuli lipi ni lipi. Wote wakatikisa vichwa tena, kama mara ya kwanza. Hapo nikafahamu kwamba katika chama kizima hakuna aliyewahi kufika sura ya kumi.

Nikafungua mdomo, nadhani nilikuwa naenda kusema ukweli, siwezi kujua sasa. Mama Araba akanitangulia. Alikuwa anaitazama karatasi, si Essilfie.

"Mwalimu," akasema polepole, "huo ukurasa wa kitabu cha chama umeingiaje mfukoni mwako?"

Essilfie akajibu kwamba alifungiwa ndizi. Ukumbi ukacheka. Akasema nimemuuzia Ekua vitabu. Wakacheka zaidi: Bentsil, mtu wa vitabu? Akasema aitwe Ekua. Mvua ile, nani atoke? Mama Araba akasema kumbe ndiyo maana Kwesi amekiokoa kitabu akakitia ndani ya mashine, kuna watu wanachana kurasa. Ukumbi ukaguna kwa huzuni. Mimi niliguna kwa huzuni kuliko wote.

Kura zote zangu, isipokuwa moja. Essilfie alibaki ameishika karatasi yake kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma mpaka nilipofika mlangoni.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada mikokoteni mitatu imesimama mbele ya nyumba yangu. Nikadhani ni zawadi. Ni vitabu vya chama, vyote, tangu kilipoanzishwa. Kumbe mwenyekiti ndiye mtunza vitabu! Mama Araba alikuja nyuma yao akitembea mwepesi kama msichana. Alisema usiku ataweza kunyoosha miguu kitandani. Chumba kimejaa mpaka dirishani. Vyerehani vimerudi kwenye korido, wanafunzi wawili wamekwenda kushona kwa jirani.

Aba hakupiga kelele. Alikaa juu ya boksi moja akiwa bado na kofia ya kanisani. "Nilikuwa nimeshapima mapazia," akasema. Chakula cha jioni ni kile cha asubuhi.

Sipendi kumwona hivyo. Nimefikiri, nimepata mpango. Chama kinahitaji kwenda na wakati. Kishikwambi kimoja tutakipokezana mtu hadi mtu, desturi inabaki ile ile, na karatasi zote hizi zinakwenda kona. Kosa langu la Jumatatu limenidhihirikia: nilimpa Dada Ekua vitabu vichache, ndiyo maana kimoja kikaonekana kwamba hakipo. Nikimpa vyote kwa mpigo, nani atajua kilichokosekana? Nitachambua? Sina muda. Mikokoteni nimeiagiza kwa kesho asubuhi.

Nimepita pale jioni kuandaa mambo. Essilfie amekaa kwenye benchi la Dada Ekua tangu ibada ilipoisha. Ananunua ndizi, anafungua karatasi, anaisoma pande zote mbili, anaikunja, anaitia mfuko wa shati, ananunua nyingine. Kushindwa kumempa njaa, maskini. Nimempungia mkono.