Kibao cha Injinia Twalha

Tangi la maji la Mzee Azzan lilizama siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, mwenyewe akiwa bado anapiga mswaki. Halikupasuka wala halikuanguka. Lilishuka taratibu, kama mgeni anayejiweka kwenye kochi, mpaka kikabaki kifuniko peke yake kinachungulia nje ya shimo. Kufikia saa nne mtaa mzima wa Chokaani, pale Mapinga, ulikuwa umejaa nyuma ya nyumba ya mzee huyo, kila mtu na maelezo yake.

"Jini huyo," alisema mmoja.

"Jini gani anakunywa lita elfu mbili kwa mkupuo mmoja?" akauliza mwingine.

"Azzan, nilikwambia tangu Shaabani," alisema bibi mfupi aliyejifunga kanga mbili. Huyo alikuwa Bi Mwajabu, jirani yake wa ukuta mmoja. "Bomba lako linavuja chini kwa chini. Ardhi hii haitaki maji yatuame. Ziba bomba, funga gata kwenye bati, maji yote yatoke yaende mbali."

"Mwajabu, nimeuza vifaa vya ujenzi miaka thelathini," alijibu Mzee Azzan, kwa hadhi yote inayowezekana kwa mtu ambaye tangi lake liko shimoni. "Usinifundishe mabomba."

Pembeni ya umati, akitafuna muhogo wa kuchoma wenye pilipili, alisimama Twalha. Alikuwa amekuja Mapinga kumtafuta mtu aliyemuuzia chaja mbovu, ili naye amuuzie redio mbovu zaidi. Habari za bomba na gata zilimpita. Alichosikia yeye ni hofu ya watu, na Twalha akisikia hofu ya watu, mate humjaa mdomoni.

Tusimuonee lakini. Twalha hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako bila idhini yako. Twalha hakuwahi kuchukua kitu ambacho mwenyewe hakumkabidhi kwa mikono miwili na kumuombea dua juu yake. Tena safari hii alikuwa na sababu njema. Alimpenda Sophia wa Bagamoyo mjini, Sophia naye alimpenda, kikwazo kilikuwa mama yake Sophia, Bi Mwanamkasi, muuza samaki wa kukaanga ambaye hajawahi kupunjwa tangu azaliwe. Siku ya posa alimsikiliza Twalha mpaka mwisho, akamtilia chai, kisha akasema:

"Binti yangu haolewi kwenye chumba cha kupanga. Nionyeshe kiwanja chenye jina lako, nikikanyage kwa miguu yangu hii, ndipo tuzungumze mahari. Nakupa mpaka mwisho wa mfunguo sita, mwezi wa Maulidi."

Mfunguo sita ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Alhamisi yake Twalha akashuka Chokaani akiwa mtu mwingine kabisa. Alivaa kizibao cha njano kinachong'aa, kofia ngumu ya wajenzi, na shingoni kipimo cha daktari, kile cha kusikilizia mapigo ya moyo. Mkononi alishika nondo ndefu.

"Assalamu alaykum. Injinia Twalha, mtaalamu wa chini ya ardhi," alijitambulisha kwa Mzee Azzan, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi. "Nimesikia mna tatizo la kutitia."

"Nani amekuita?"

"Ardhi, mzee wangu. Ardhi huita kabla haijameza."

Mzee Azzan alitazama kifuniko cha tangi lake, akamkaribisha kiti.

Siku tatu Twalha alizunguka nyumba moja baada ya nyingine. Anaichomeka nondo uani, anaweka kipimo juu yake, anafumba macho, anatikisa kichwa. "Mh." Anahamia hatua mbili. "Mh! Bora kidogo." Mwenye nyumba anakuwa amekwisha lowa jasho. Kisha hutoka cheti chenye mhuri wa bluu kwamba nyumba hiyo iko salama kwa mwaka mmoja, na mwenye nyumba hutoa ada yake huku akimbariki. Bi Mwajabu pekee ndiye aliyekataa kupimiwa. Alisimama mlangoni akimtazama na kile kipimo chake shingoni, akatabasamu kidogo, akamletea maji ya kunywa.

"Shikamoo, bibi. Huogopi?"

"Marahaba, mwanangu. Naogopa sana. Ndiyo maana kila Idi nachora alama ya mkaa kwenye ufa wa ukuta, nione kama umetembea. Na gata zangu zote umeziona zinapeleka wapi."

Twalha hakuziona. Macho yake yalikuwa yameshanasa kwingine. Kando ya nyumba ya bibi huyo, kwenye kona kabisa, kilikuwepo kiwanja kitupu, kipana, majani yamefyekwa vizuri, kinatazama barabara ya lami. Moyo wake uliruka kuliko siku alipomuona Sophia mara ya kwanza, na Sophia atusamehe kwa kulisema hilo.

"Kile cha nani?"

"Changu. Alikiacha baba."

"Hukijengi?"

"Hakijengeki."

Twalha alichekea moyoni. Aliona mteja amejichinja na kujichuna mwenyewe. Ila palikuwa na mfupa mmoja. Kwa desturi ya hapo, ukitaka kuuza kiwanja, jirani wa ukuta mmoja huulizwa kwanza, mbele ya watu, na akisema anakitaka, mgeni hana lake. Na Mzee Azzan alikuwa akikililia kiwanja hicho miaka minane. Hata michoro ya fremu za maduka ameshachora. Basi haikutosha kumtisha bibi auze kwa bei ya bure. Ilibidi amtishe na mwenyekiti, tena mpaka akikatae kwa kinywa chake.

Kwa hiyo alifanya kazi ya ziada. Alimlipa fundi mzuri asimamishe kibao cha chuma katikati ya kiwanja, Bi Mwajabu akitazama wala asimzuie, kikamwagiwa zege la kutosha kushika nguzo ya umeme. Maandishi yalikuwa mekundu, ya kusomeka tangu barabarani:

HATARI! ARDHI HII INATITIA. HAPAJENGWI. — INJ. TWALHA, MTAALAMU WA CHINI YA ARDHI.

Na Ijumaa ya wiki iliyofuata, watu walipotoka msikitini, akawakusanya kiwanjani.

"Ndugu zangu," alianza, sauti imejaa huzuni ya kukodi, "tangi la mwenyekiti lilikuwa salamu tu. Mwenye salamu anakaa hapa. Chini ya miguu yetu ni tupu!" Akainua nondo juu, akachagua mahali popote, akaikita kwa nguvu zake zote. Hesabu yake ilikuwa kwamba itagonga jiwe, yeye ataweka kipimo, ataguna, atashika kichwa.

Nondo haikugonga kitu. Iliponyoka mikononi mwake ikazama yote, futi sita nzima. Halafu, mbali sana huko chini, ikasikika: kling'!

Watu walirudi nyuma kwa pamoja mpaka barabarani. Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa injinia mwenyewe, ila kwa kuwa alikuwa ameshafumba macho na kushika kichwa, watu walidhani ni utaalamu.

"Allahu akbar!" alisema Mzee Azzan, kanzu ameikunja mpaka magotini tayari kwa mbio. "Huyu mtu anaona chini!"

Hapo mtu mwenye akili timamu angechukua ada za vyeti vyake akaondoka zake. Twalha naye aliliwaza hilo, kwa muda wa pumzi moja. Kisha akajiambia: choo cha zamani hicho. Kila kiwanja Pwani kina choo chake cha zamani. Lori mbili za kifusi, mambo yamekwisha.

"Bibi yangu," akasema kwa upole, "uza. Taasisi yetu hununua ardhi mbovu kwa ajili ya utafiti. Kwa jina langu, kupunguza makaratasi."

Bi Mwajabu akamgeukia jirani yake. "Azzan, wewe ndiye wa kwanza. Watu wote hawa wanasikia. Unakitaka?"

"Mimi?" Mzee Azzan alitazama tundu lililomeza nondo. "Nimekusamehe haki yangu, Mwajabu! Duniani na akhera!"

Twalha nusura apige vigelegele.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "nikwambie ukweli mbele za watu, nisije nikaulizwa kesho. Marehemu baba alikuwa akikata mawe hapa na kuchoma chokaa. Ndiyo asili ya jina la mtaa. Chini pana pango, mtu na punda wake wanaingia. Una hakika unakitaka?"

Bibi wa watu ameogopa mpaka anajitungia ushahidi, Twalha akawaza, roho ikamuingia baridi ya furaha. "Nina hakika, bibi. Nimepima."

"Pango, nimesema."

"Nalijua kuliko wewe."

Jumamosi, kwa mjumbe wa mtaa, bibi aliuliza mara ya tatu, akataka na maneno yenyewe yaandikwe kwenye mkataba: mnunuzi amejulishwa kuhusu pango, na amesema analijua. Twalha akasaini kwa mbwembwe. Malipo yalikula ada zote za vyeti, na pikipiki yake aliyoiuza asubuhi hiyo. Hakujali. Alitoka pale mtu mwenye kiwanja, mwendo umebadilika, hata kikohozi chake kilikuwa cha mwenye mali.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Bi Mwanamkasi. Twalha aliwahi mapema kuja kung'oa kibao. Alikivuta, akakisukuma, akakikumbatia, akakipiga teke, akakaa chini kuuguza kidole. Yule fundi alikuwa amefanya kazi ya kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Twalha alimlaani mtu kwa uaminifu. Alipobaki hana la kufanya, akavua kizibao chake cha njano akakivisha kile kibao, vifungo vyote.

Jambo jingine lilimshangaza. Mtaa mzima ulikuwa nje na majembe. Mtaro mrefu ulikuwa unakatwa kandokando ya nyumba kuelekea bondeni, mafundi wanausakafia kwa saruji ili maji yasinywee, wengine wako juu ya mabati wanafunga gata mpya. Hata Mzee Azzan alikuwa amepiga magoti uani kwake, anafukua bomba lake linalovuja.

Kabla hajauliza, bajaji ikasimama. Akashuka Sophia, amependeza, na nyuma yake mama mtu, amebeba mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama. Karibu kwangu," alisema Twalha, na neno "kwangu" alilivuta kama ubani.

"Marahaba." Bi Mwanamkasi alitazama lami, akatazama upana, akatazama majani. Uso wake ukalegea kidogo. Sophia akamkonyeza Twalha. "Pazuri," mama akakiri. "Sikutegemea. Na huyu aliyesimama katikati amevaa kizibao ni nani?"

"Hiyo? Aa, hiyo ni... sanamu ya kufukuzia ndege, mama."

"Kwenye kiwanja kisicho na shamba?" Akaenda, akafungua vifungo kimoja kimoja kama anayemvua mtoto shati. Alisoma kibao, akarudia tena kwa sauti, mpaka kwenye jina.

"Injinia Twalha ni nani?"

Sophia alishika mdomo.

"Twalha," alisema Bi Mwanamkasi, wala hakupandisha sauti, "nijibu jambo moja tu. Kibao hiki kinasema kweli au kinasema uongo? Kama ni uongo, wewe ni tapeli uliyetisha watu ukachukua ardhi yao. Kama ni kweli, unataka kumlaza mwanangu juu ya shimo. Chagua."

Twalha alifungua kinywa. Alikuwa na uongo wa kila namna humo, wa asubuhi na wa jioni, wa wakubwa na wa wadogo, na hakupata hata mmoja wa kumtoa pale. Akainama, akaokota jiwe, akalidondosha kwenye tundu la nondo. Wote watatu wakasubiri. Tup! likaita, huko chini kabisa.

"Ni kweli, mama," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu aingie Mapinga.

"Nilisema nitakikanyaga kwa miguu yangu," alijibu Bi Mwanamkasi, akirudi nyuma kwa hatua za tahadhari. "Hapa nimeshakanyaga vya kutosha. Ukipata pa kukanyagika, uje."

"Mama, mwisho wa mfunguo sita ni..."

"Kwa kuwa umesema kweli, nakuongezea mpaka mfunguo mosi, Ramadhani ikiisha. Kwa kweli moja hiyo hiyo, usinizoee. Sophia, twende."

Sophia aliondoka akicheka mpaka machozi, jambo ambalo lilimfariji Twalha na kumuaibisha kwa pamoja. Bajaji ilipopotea, Bi Mwajabu alikuwa amesimama kando yake na jembe.

"Ulijua," Twalha akamwambia kwa uchungu. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Binti yangu Arafa ni muuguzi. Kile kipimo ulikuwa unasikilizia upande usiosikia." Akamshikisha jembe. "Wala sikukuficha kitu. Mara tatu nimekwambia. Miaka ishirini nawaambia hawa wazibe mabomba na wachimbe mtaro, hakuna anayenisikia. Umekuja wewe, siku tatu tu, wote wameogopa vizuri. Hela yako imenunua saruji na gata. Mungu akulipe."

"Na mimi?"

"Wewe una kiwanja. Kila mwenye kiwanja anachimba mtaro mbele ya kwake, na chako ni cha kona, kina pande mbili."

Twalha alitazama pande zote mbili. Kisha akavaa kizibao chake, akatemea mate viganja, akaanza kuchimba, kwa tahadhari kubwa, akiijaribu ardhi kwa kila pigo kabla hajaweka mguu.