Pipa la Rudy Kesti na Kahawa Yangu

Lempi Harju,
Nyumba ya mwisho, Barabara ya Salmela.

Kwa Bwana Niemela, Msimamizi wa Mji.

YAH: PIPA LINALOSUKUMA THELUJI BILA KUOMBWA

Bwana Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na paa lako bado halijakuangukia kwa jinsi theluji ilivyotuandama mwaka huu. Mimi sijambo, ila nimedhulumiwa. Anayenidhulumu ni jirani yangu, Rudy Kesti, mwenye lile trekta dogo.

Kabla baridi haijaanza, Rudy alipasua katikati pipa kuukuu la mafuta ya kupashia nyumba joto, akalichomelea kwenye vyuma vya kitanda cha marehemu shangazi yake, akalifunga mbele ya trekta pamoja na winchi ya mashua ya kulinyanyulia. Anajisifu kila mahali kwamba bamba hilo la kusukumia theluji limemgharimu chini ya bei ya buti. Namwamini, maana hata sura ya bamba lenyewe inasema hivyo. Sasa theluji ikianguka, kabla sijavaa soksi, njia yangu kutoka mlangoni hadi barabarani imeshasafishwa. Tena bure! Nauliza, serikali iko wapi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pipa halichagui. Likisukuma theluji, linasukuma na kokoto. Shamba langu la viazi sasa lina kokoto za kutosha kujengea kanisa.

2. Limeng'oa kisanduku changu cha barua. Rudy amekirudishia kwa waya, kimepinda, na tarishi anacheka kila akipita.

3. Nimenyang'anywa udhuru. Miaka yote nilikuwa nampigia simu mchungaji: "Ningekuja kwenye kamati, ila sina pa kupitia." Siku hizi ananijibu, "Acha hizo, Bi Lempi, nimepita hapo sasa hivi, njia iko wazi!" Nimeshaingizwa kwenye kamati ya mapazia. Mapazia, Bwana Msimamizi!

4. Hili ndilo kubwa. Rudy hanywi kahawa yangu. Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuelezwa. Kumsafishia mtu njia kisha ukakataa kuingia kunywa kahawa ni kumtupia sadaka dirishani. Tangu mume wangu Arvid afariki, birika lile lile kubwa nalipikia mtu mmoja. Kila asubuhi nasimama mlangoni, mkate wa iliki umeshakatwa, naita, "Rudy, ingia basi!" Yeye, juu ya trekta linalonguruma, ananionyesha injini kwa kidole, anatikisa kichwa, huyoo ameondoka. Yaani injini ni ya maana kuliko mimi? Inaniuma, nasema wazi.

Kwa hiyo naomba pipa hilo lipigwe marufuku. Rudy akikaidi, trekta likamatwe. Na hilo likishindikana, mji unirudishie theluji yangu yote hapa mlangoni, nikae nayo kwa amani.

Nisalimie mkeo, mama yako, na yule mbwa wenu mvivu. Kamati ya mapazia waambie naumwa.

Wako mnyenyekevu, niliyeonewa,
Lempi Harju (Bi)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, asubuhi hii Rudy hakuja. Nilichukua koleo nikachimba njia hadi kwake. Nikamkuta ameegemea mlango, kiuno kimemkamata, na trekta linanguruma peke yake uwanjani. Nikapanda. Njia yangu nimeisafisha mwenyewe, na kisanduku cha barua nimeking'oa mwenyewe, mara hii kimekwenda kabisa. Niliporudisha trekta, Rudy akaniita, "Bi Lempi, karibu kahawa!" Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, nikazima injini. "Usizime!" akapiga kelele. Nimeshazima. Kumbe kwa baridi hii, hilo trekta likizimwa haliwaki tena mpaka mtu alete betri nyingine. Ndicho alichokuwa akinionyesha kwa kidole msimu mzima.

Nakuandikia haya nikiwa jikoni kwake. Kahawa yake ni mbaya ajabu, naongezewa kikombe cha tatu. Tafadhali futa yote ya hapo juu, umtume mtu na betri. Asiharakishe.