Nembo ya Njiwa Mwenye Masharubu

Kwa idhini ya wote wenye kutoa idhini, nawatangazia watu wa mji wa Fes, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba hakuna tena balgha, kiatu chetu cha ngozi, itakayouzwa bila nembo iliyopitishwa na Kamati ya Nembo za Ngozi. Fundi asiye na nembo kufikia Ramadhani, mlango wa karakana yake utatiwa lakiri.

Mimi, Lalla Tamou, mshona balgha kwa miaka arobaini na sita, ni mjumbe wa kamati hiyo. Kanuni inasema lazima awemo fundi mmoja. Inasema pia kwamba fundi huyo naye aombe nembo kama wengine. Kwa hiyo nilitoa ombi langu nikiwa upande huu wa meza, kisha nikabeba kiti, nikazunguka upande wa pili kujisikiliza. Utaratibu mzuri sana, unanyoosha mgongo. Ila karakana ile ndiyo inayotulisha mimi na mjukuu wangu Ghizlane, na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Kikao cha kwanza nilikifungua kwa kitendawili, ili tuzoeane.

"Kitendawili!"

Mwenyekiti wetu, Si Bennacer, yaani Bwana Bennacer, badala ya kujibu 'Tega' akafunua makaratasi. "Lalla, hilo limo kwenye ajenda?"

"Halimo, mheshimiwa. Nakwenda naye kutwa nzima, msikitini namwacha mlangoni. Ni nani?"

"Liandikwe," akamwambia katibu. "Litajibiwa kwa maandishi."

Kisha tukajadili nembo ikae wapi. Juu ya kiatu itarukiwa matope. Chini ya soli itasuguliwa na mawe. Baada ya saa tatu na birika nne za chai, Si Bennacer akasimama.

"Itakaa ndani," alisema, "pale pale kisigino kinapokanyaga. Mwenye kiatu aione kila anapovaa."

Tulipiga makofi. Hicho kikawa Kifungu cha Tisa, kikagongwa mihuri mitatu, na ikaandikwa kwamba hakibadilishwi kabla ya miaka miwili kupita, hata na aliyekitunga.

Wiki iliyofuata Ghizlane akaleta mchoro wake. Njiwa mmoja tu, kwa mstari mmoja, kama aliyetua sasa hivi. Kwa kweli alipendeza.

"Kwa nini njiwa?" akauliza Si Bennacer.

"Kwa sababu ya kinyesi chake, mheshimiwa," nikasema. "Ngozi isipolazwa kwenye maji ya kinyesi cha njiwa hailainiki. Hata hiyo uliyovaa."

Si Bennacer akaivuta miguu yake chini ya kiti. Katibu akauliza kama neno hilo liandikwe.

"Andika 'mchango wa njiwa'," akaamuru. "Na huyu njiwa anatazama kushoto. Kushoto kuna nini?"

"Kuna ukuta, mheshimiwa," Ghizlane akajibu.

"Atazame mbele. Serikali inatazama mbele."

Akachorwa anatazama mbele. Kumbe hana hadhi, kichwa kitupu! Akavishwa tarbushi. Wiki ya tatu ikaonekana tarbushi bila masharubu ni utoto. Akatiwa masharubu, mazito, yaliyopinda ncha. Kisha mjumbe mmoja akasema kamati inaona mbali, basi na njiwa aone mbali. Akapewa miwani. Mdomo wa ndege ukaonekana unatisha wateja, ukageuzwa pua. Mabawa yakaondolewa, kwa kuwa yalikuwa yakiashiria kuondoka bila ruhusa.

Ghizlane akaniinamia sikioni. "Bibi, mbona huyu ni..."

"Chora, mwanangu."

"Lakini bibi, Kifungu cha Tisa..."

"Nimekwambia chora. Wewe unataka mlango utiwe lakiri?"

Si Bennacer aliushika ule mchoro kwa mikono miwili. Aliutazama muda mrefu, akazipinda ncha za masharubu yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sura ya kuaminika sana," alisema. "Sijui nimeiona wapi. Imepita."

Wajumbe sita walitazama dari. Mimi nikasaini pande zote mbili za meza.

Siku mbili kabla ya Ramadhani nilizitoa balgha za kwanza. Si Driss, muuza dengu, akanunua jozi moja, akaivaa, akarudi mbio.

"Lalla, nipe nyingine mbili! Kisigino changu hakijapata raha hivi tangu nioe."

"Ya pili ni ya nani?"

"Ya mama mkwe. Alimpelekea Si Bennacer ombi la maji miaka mitano iliyopita, hajajibiwa mpaka leo."

Wakaja wa mtaa wa ngozi, wakaja hata wa mji wa Meknes. Mwanamke mmoja alitaka saizi kubwa kuliko mguu wake, apate nafasi ya kuzungusha kisigino.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakaingia kuswali, balgha zikabaki mlangoni safu kwa safu, na kutoka ndani ya kila moja Si Bennacer anatazama mbele kwa tarbushi na masharubu. Mwenyewe akaja amechelewa. Akainama avue viatu. Hakuinuka haraka.

Jumatatu alikuwa karakanani kwangu, anahema.

"Lalla Tamou, ile nembo iondolewe! Leo hii!"

"Karibu kiti, mwanangu. Una ombi la maandishi?"

"Ombi gani? Watu wananikanyaga!"

"Kila wanapovaa," nikakubali. "Lakini Kifungu cha Tisa hakibadilishwi kabla ya miaka miwili. Hata na aliyekitunga. Mihuri mitatu, mwenyewe ulihesabu."

Nikampima mguu kwa macho, arobaini na mbili, nikamwambia jozi yake ipo tayari kwa heshima ya cheo chake. Hakuichukua.

Alipotoka, watoto wa kichochoroni walikuwa wakicheza ukutani. Mmoja akapaza sauti, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nakwenda naye kutwa nzima, msikitini namwacha mlangoni!"

Zamani jibu lilikuwa balgha. Wakajibu wote kwa pamoja:

"Mwenyekiti!"

Nimemwandikia katibu kwamba lile swali la kikao cha kwanza limepata jibu.