Kitenzi Kimoja cha Kumposa Emerance

Jumatatu, 7 Juni 1999

Siku mbaya. Nimepita karibu na uwanja wa ndege, Kamembe, nikamkuta Cubaka anaongea Kiingereza na Mzee Munyemana mlangoni pa ghala la misaada. Wanacheka! Mzee huyo ndiye baba yake Emerance. Na Jumamosi ya wiki ijayo ukoo wangu unakwenda kwake kuniposea Emerance.

Mimi nimekulia Bukavu. Kifaransa ninacho, Kiswahili ninacho, Kinyarwanda changu kinachechemea. Mzee amezeekea Uganda na amerudi na Kiingereza. Mimi cha kwangu ni "yes" peke yake. Na Cubaka ni nani? Mpakuaji wa magunia, anavuka daraja la mpakani kila asubuhi kutoka Bukavu, Kongo! Anamtaka Emerance. Nina hakika. Nisipojua Kiingereza kabla ya posa, nimekwisha.

Jumanne, 8 Juni

Nimempata mwalimu. Anaitwa Hakimu, fundi cherehani wa sokoni, aliwahi kushona Nairobi. Nimemwomba anifundishe lugha yote kabla ya posa. Alicheka mpaka akatema pini. Kisha akasema lugha yote ya nini? Waingereza ni wavivu, wanakibebesha kitenzi kimoja mizigo yote. Kinaitwa take. Ukikaa kitini, take. Ukipiga picha, take. Ukijitunza, ukishiriki, jambo likifanyika: take, take, take.

Nimeelewa upesi. Si sisi pia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia? Kitenzi kimoja! Cubaka atakoma. Malipo: nimtengenezee Hakimu redio. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Alhamisi, 10 Juni

Redio ya Hakimu sasa inashika kituo kimoja tu, cha muziki wa Kilingala, na haizimiki. Hakimu amenuna lakini somo limeendelea.

Nyumbani vita. Nilimwambia mama yangu, Maman Marguerite, take a seat, yaani karibu kiti. Akadhani ni tusi. "Weye Niyomugabo, tuko nakutafutia bibi, na weye uko natukana mama yako!" Nimenyimwa ugali. Msomi huteseka.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekutana na Emerance sokoni, ananunua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nampenda mpaka najionea aibu. Nikamdokezea kwamba nina kitu cha Kiingereza kwa ajili ya baba yake. Hakufurahi hata kidogo. Akasema Kiingereza cha baba ni cha ghalani tu. Kwenye posa wanaosema ni wasemaji wa pande mbili, na mwoaji hukaa, huinamisha macho, hunyamaza. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia.

Nimesikia. Lakini wasichana husema hivyo wakitaka kushangazwa.

Jumanne, 15 Juni

Baba mdogo, Papa Twagirayezu, amefika kutoka Gitambi na mkungu wa ndizi begani. Ndiye msemaji wetu. Aliniketisha nje anieleze desturi, hatua kwa hatua, upande wao utasema nini na sisi tutajibu nini. Bahati mbaya malori ya askari yalikuwa yanapita kuelekea daraja la Rusizi II, moja baada ya jingine, ukuta unatikisika. Nilisikia nusu. Hiyo nusu nayo sikuisikiliza sana, nilikuwa narudia somo kimoyomoyo. Niliitikia kwa kichwa. Mzee wa watu aliridhika.

Jioni Hakimu alinipa neno la mwisho, zito kuliko yote: take it or leave it. Wenye maduka Nairobi hulitumia mteja akisumbua. Maana yake, hutaki, acha. Nimelihifadhi.

Jumamosi, 19 Juni



Tulifika tumependeza. Suti yangu ni ya mteja wa Hakimu, pini moja bado iko kwapani. Wazee wakaketi pande mbili. Mzee Munyemana alikaa na fimbo yake, amefumba macho, anasikiliza kile Kinyarwanda cha wasemaji na midomo yake inakifuata polepole. Papa Twagirayezu akaomba msichana, vizuri sana. Msemaji wao akajibu kwamba tumechelewa. Emerance keshaposwa na kijana wa ng'ambo ya daraja, na ng'ombe wake wamekwisha pokelewa.

Ng'ambo ya daraja! Nikageuka. Cubaka yupo nyuma yao, ameshika kreti ya bia ya Primus, anatabasamu! Papa Twagirayezu naye anacheka! Nikajua ukoo wangu wote umehongwa.

Nikasimama.

Nilimwambia Mzee take a seat. Alikuwa ameketi tayari. Nikamwambia take care. Nikatangaza kwamba posa yangu take place leo. Wageni hawakuelewa kitu, shangazi mmoja akapiga makofi, nikapata nguvu. Nikamnyooshea Mzee kidole, nikamalizia: take it or leave it!

Katika umati ule waliojua Kiingereza ni wawili. Cubaka akajifunika uso. Mzee Munyemana akafumbua macho, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Papa Twagirayezu alinivuta kwa koti, pini ikanichoma. Akaninong'oneza kwa hasira kwamba upande wa msichana hukataa kwanza, siku zote, ni mchezo wa wazee, kila posa ya kwetu huanza hivyo. Alinieleza Jumanne! Malori yale!

Jumapili, 20 Juni

Mzee Munyemana aliniita. Nilikwenda bila suti. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniuma. Cubaka, alisema, ana mke na watoto Bukavu, alikuja kumsaidia kubeba kreti tu. Kisha akanieleza kwamba huko Uganda dada zake wote waliposwa kwa lugha ya watu wengine. Akajiapia kwamba binti yake ataombwa kwa maneno aliyoombewa nyanya yake. "Kijana, nilirudi hapa nisikie ile tu. Ulininyang'anya katikati."

Lakini amesamehe! Turudi Agosti. Sharti ni moja, mimi nisitoe sauti. Nikikosea tena, hakuna mara ya tatu.

Emerance alinisindikiza hadi njiani, macho mekundu. "Niliona haya mingi, Niyo. Ile siku ukae kimya. Njo ile tu naomba." Nimeahidi. Nimelia barabarani, watu wakinitazama.

Jumatatu, 21 Juni

Nimetafakari sana. Nilimkosea Mzee, kweli kabisa, na aliyekosa huomba radhi. Nimemuuliza Hakimu, kwa sauti ya juu kwa sababu ya redio, Waingereza huombaje radhi. Akasema hapo take haifai. Kuna kingine, make, na hicho kinabeba zaidi.

Kumbe! Balaa lote lile, kosa lilikuwa kitenzi!

Tumeanza leo hii. Agosti nitakaa kimya kama nilivyomwahidi Emerance, macho chini, tangu salamu mpaka wazee wamalize kila kitu. Kisha nitasimama, na ni maneno machache tu ya radhi, kwa Kiingereza.